Hatua Saba, Mara Arobaini

Maelekezo ya keki za kijiti hayajazi hata ukurasa mmoja wa daftari. Oka keki. Ikipoa, ivuruge iwe chenga. Changanya chenga na krimu. Finyanga madonge yenye ukubwa wa ndimu ndogo. Chomeka kijiti kwenye kila donge. Chovya kwenye chokoleti iliyoyeyuka. Pamba. Ni hatua saba, na mtu aliyezoea kusukuma chapati za msiba wa watu mia atazisoma na kuguna: hapa pana kazi gani?

Aliyeueneza mtindo huu ni Mmarekani, Angie Dudley wa jimbo la Georgia, anayejulikana zaidi kwa jina la Bakerella. Mwaka 2008 alizionyesha keki hizo kwenye kipindi cha televisheni cha Martha Stewart, mwaka 2010 kikatoka kitabu chake, na mwaka 2011 Starbucks wakaanza kuziuza kwenye migahawa yao. Katika maelekezo yake ya mwanzo keki ni ya unga wa boksi na krimu ni ya kopo. Boksi moja na kopo moja hutoa keki 45 hadi 50. Joto la jiko halitajwi. Kwa nini litajwe, kama nyumba ya anayeandika na nyumba ya anayesoma zote zina mitambo ya kupoza hewa?

Wifi yangu alizikuta kwenye simu mwezi wa Januari. Binti yake alikuwa anatimiza miaka sita katikati ya Februari, na mama mtu akaamua kwamba safari hii mtoto hatakatiwa keki ya mraba kama ya kila mtu hapa Tabata. Atakuwa na keki za kijiti, arobaini, na kila moja itakuwa na sura ya twiga. Mpango aliuandika kwenye daftari kwa kalamu mbili: vifaa kwa bluu, gharama kwa nyekundu. Ijumaa jioni kuoka, Jumamosi asubuhi kupamba, saa tisa alasiri wageni kufika. Kazi yangu ni kuandika habari za miradi, na nimeshafungua majalada ya visima na masoko ambayo hayakuwa na mpango safi kama ule.

Tuna msemo wetu kwamba mipango si matumizi. Tunautoa kila kitu kinapokwenda mrama, tunacheka, tunaendelea na mengine. Mimi msemo huo naushuku kidogo. Unatuliza, lakini hauonyeshi mpango ulikatikia wapi, na mahali ulipokatikia ndipo penye habari. Kisima kisichotoa maji hakikukosa maji kwa sababu mipango si matumizi. Kilikosa kwa sababu kuna mtu alichimba kiangazi au masika, akapima au hakupima, akanunua pampu ambayo vipuri vyake viko mji mwingine. Basi nilikwenda kwa wifi kama shangazi wa mtoto, nikabeba na macho ya kazini.

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa hesabu. Hatua saba zimeandikwa kila moja mara moja, kwa herufi zilezile, kama vile zina uzito mmoja. Tatu za kwanza kweli hutendwa mara moja: unaoka mara moja, unavuruga mara moja, unachanganya mara moja. Nne zilizobaki hutendwa kwa kila donge. Kwa keki arobaini hayo ni matendo 160, na hapo sijahesabu kukigongagonga kijiti kwenye ukingo wa bakuli ili chokoleti ya ziada idondoke, wala kukizungusha taratibu, wala kukisimamisha mahali kikauke bila kugusana na mwenzake. Kuchovya kwa mkono uliozoea huchukua dakika moja. Kwa mkono ambao haujazoea ni mbili, na mbili mara arobaini ni saa moja na dakika ishirini, chokoleti ikipoa mara kwa mara na kurudishwa motoni. Kwenye daftari lile kuchovya kulipewa nusu saa, kwa sababu kulikuwa mstari mmoja.

Halafu kulikuwa na twiga. Twiga mmoja wa kijiti anahitaji macho mawili, pembe mbili na madoa yasiyopungua matano, vinginevyo anafanana na panya. Hivyo ni vitu tisa. Tisa mara arobaini ni 360, na kila kimoja kinabandikwa kwa tone la chokoleti kwenye ncha ya kijiti cha meno, na mtu aliyeshika pumzi. Nilipoisema hesabu hiyo kwa sauti, mama yangu, bibi wa mtoto, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka akichambua mchele, aliuliza bila kuinua kichwa: "Kwani visheti vimekosa nini?"

Wanasaikolojia wana jina la tabia ya kukadiria muda mfupi kuliko ule ambao kazi itauchukua. Daniel Kahneman na Amos Tversky waliieleza mwaka 1979, na mwaka 1994 Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha utafiti juu ya wanafunzi waliokuwa wakiandika tasnifu zao. Kwa wastani walisema wangemaliza kwa siku 33.9, na walimaliza kwa siku 55.5. Hata walipotakiwa kukadiria endapo kila kitu kingeenda vibaya kabisa, walisema siku 48.6. Maelezo ya kawaida ni kwamba binadamu ana matumaini kupita kiasi. Sibishani na watafiti, ila kwa wifi sikuona matumaini yaliyozidi. Ni mwanamke mwenye wasiwasi, huweka akiba hata ya viberiti. Kilichompotosha ni umbo la orodha. Orodha husema kuna vitu vya aina gani, haisemi ni vingapi, na jicho likishahesabu mistari linaridhika.

Ijumaa keki iliiva vizuri. Ilikuwa keki yetu ya kawaida: unga wa ngano, sukari, mayai, Blue Band ya kutosha, vanila. Hapo kuna tofauti ambayo maelekezo ya Marekani hayawezi kuijua. Keki ya unga wa boksi ni nyepesi, imejaa hewa, na ikivurugwa inahitaji krimu nyingi ili ishikane. Keki ya Dar es Salaam ni nzito na tayari ina mafuta yake ndani. Ukiimwagia krimu yote iliyoandikwa, nayo ikiwa ni krimu ya siagi na sukari ya unga inayolegea yenyewe mezani, unapata kitu kama uji wa ulezi uliopoa. Binti anayemsaidia wifi kazi za nyumbani, ambaye hakuwa amesoma maelekezo yoyote, ndiye aliyesema tuweke vijiko viwili kwanza, tukamate konzi moja, tuibane. Ikishikana na isiache mafuta kiganjani, tuishie hapo. Tuliishia kwenye robo ya krimu iliyokuwa imepangwa. Iliyobaki ikaenda kwenye mkate wa asubuhi.

Kufinyanga kulikwenda haraka kwa sababu nyumba ile ina mikono iliyozoea kaimati na kachori, na donge ni donge. Kisha tukafika kwenye kuchovya, na hapo sitaharakisha, maana mradi mzima wa keki za kijiti ni kuchovya, mengine ni maandalizi.

Chokoleti halisi imejengwa juu ya siagi ya kakao, mafuta yenye tabia ngumu. Yanaweza kuganda kwa namna sita tofauti za fuwele, na ni namna moja tu, wanayoiita ya tano, inayotoa chokoleti ngumu, yenye kung'aa na inayokatika kwa mlio. Ili uipate namna hiyo, unaiyeyusha chokoleti nyeusi hadi nyuzi 45 au 50, unaishusha hadi 27 au 28, kisha unaipandisha tena hadi 31 au 32. Sasa simama kwenye jiko la Tabata mchana wa Februari. Ni msimu wa kaskazi, joto la nje ni nyuzi 32 au zaidi, na ndani, pembeni ya jiko la gesi, ni zaidi ya hapo. Chokoleti inatakiwa kupozwa kwenye chumba ambacho chenyewe kina joto kuliko kipimo inachotakiwa kukifikia. Haitashuka hadi 28 kwa kuachwa mezani, hata ukeshe. Na hata ikishuka kwa hila ya beseni la maji baridi, ikaganda kwa namna ile ya tano, namna hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi. Mgeni akiishika kwa dakika chache, tayari iko kwenye gauni. Tanzania inalima kakao nzuri kule Kyela, na sehemu kubwa yake inaondoka nchini ikiwa mbegu kavu. Sitasema ni kwa sababu ya Februari ya Dar es Salaam, lakini mtu anayeyeyusha chokoleti hapa hupata muda wa kulifikiria jambo hilo.

Ndiyo maana kwenye maduka ya vifaa vya keki Kariakoo unauziwa zaidi chokoleti ya kuyeyusha ambayo siagi ya kakao imeondolewa na mafuta ya mbegu za mchikichi yamewekwa mahali pake. Haihitaji mchezo wa kupandisha na kushusha joto, na inastahimili kuliko ile halisi. Wajuaji wanaidharau. Mimi naona ni bidhaa yenye adabu: inajua inakokwenda. Tatizo lake ni kwamba ikiyeyuka huwa nzito, na donge likichovywa kwenye kitu kizito hung'oka kijitini na kuzama. Maelekezo ya mtandaoni yanashauri kuilainisha kwa kijiko cha mafuta ya nazi. Ushauri mzuri kwa Marekani. Mafuta ya nazi huganda joto likiwa chini ya nyuzi 24, kwa hiyo kule hulainisha chokoleti ikiwa ya moto na kuganda pamoja nayo ikipoa. Hapa kwetu mafuta ya nazi yanakaa kimiminika kwenye chupa kutwa kucha wakati wa joto. Ukiyatia kwenye chokoleti, ganda la keki halikauki sawasawa, linabaki linanata kama ubuyu. Wifi aliyajua hayo bila kitabu, kwa kuwa chupa ya mafuta ya nazi ilikuwa mbele yake na hajawahi kuiona imeganda mwezi wa Februari. Akatumia kipande kidogo cha mafuta magumu ya kupikia.

Rangi ya njano ya twiga nayo ilikuwa na mtego. Rangi za chakula zinazouzwa kwenye vichupa vidogo, zile za kutia kwenye barafu za kijiti na maandazi ya sherehe, nyingi zina maji. Chokoleti na maji haviivi chungu kimoja: matone machache tu, na bakuli zima linakunjamana na kuwa tope gumu lenye chembe. Anayetaka rangi anatafuta ile ya unga au ya mafuta, na hiyo haipo kila duka, na mahali ilipo ina bei yake.

Lakini maji mabaya zaidi hayakutoka kwenye kichupa. Yalitoka hewani. Donge likichovywa bila kupozwa linalegea na kuanguka, kwa hiyo ni lazima lipite kwenye friji kwanza. Hewa ya pwani mwezi wa Februari imebeba mvuke mwingi kiasi kwamba kitu chochote chenye ubaridi wa chini ya nyuzi 23 au 24 hutoa jasho kikitolewa nje. Tunaliona kwenye chupa ya soda kila siku, ila soda hatuichovyi kwenye chokoleti. Donge lililotoka kwenye friji likiwa na nyuzi tano huvaa umande kabla hujalifikisha kwenye bakuli. Umande huo unaingia kwenye chokoleti, na tope linaanza. Ukisema basi nitaligandisha zaidi ili liwe gumu, unaongeza umande na unaongeza ugonjwa wa pili: donge la baridi sana limesinyaa, linavishwa ganda likiwa limesinyaa, halafu likiwa mezani linapata joto, linatanuka, na ganda linapasuka kutoka juu hadi chini kama ukuta wa udongo. Jikoni kwenye nyuzi 21 nyufa hizo ni bahati mbaya. Kwenye nyuzi 32 ni kanuni.

Historia ya nchi hii ina mradi ambao siwezi kuandika habari za mafuta na mipango bila kuutaja. Mwaka 1946, Uingereza ikiwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula baada ya vita, Frank Samuel wa kampuni ya United Africa, iliyokuwa chini ya Unilever watengenezaji wa majarini, alipendekeza karanga zilimwe kwa mashine katika Tanganyika. Ujumbe wa John Wakefield ulizunguka kwa wiki tisa ukatoa mpango: mashamba 107, kila moja ekari 30,000, jumla ekari 3,210,000. Themanini yawe Tanganyika, 17 Rhodesia ya Kaskazini, 10 Kenya. Utaona walivyofanya. Waliandika shamba moja, kisha wakalizidisha. Kufyeka ekari moja ya kichaka cha Kongwa kulikuwa mstari mmoja kwenye karatasi. Mwaka wa kwanza lengo lilikuwa ekari 150,000, na mwisho wa mwaka 1947 zilikuwa zimepatikana zipatazo 7,500. Walileta matrekta yaliyotumika vitani, wakageuza vifaru kuwa matrekta, wakaburuta minyororo ya nanga za meli kati ya matingatinga mawili ili kung'oa vichaka. Udongo wa Kongwa ulikuwa na mchanga wa kusaga majembe, na mvua ikipita, ule wa mfinyanzi ulikauka ukawa sakafu, na karanga, ambayo huzaa chini ya ardhi, ikafungiwa humo. Januari 1951 serikali ya Uingereza iliukomesha mpango, zikiwa zimeteketea pauni milioni 36 hivi.

Wagogo waliokuwa wakiishi Kongwa walijua mvua ya kwao inavyokatika na udongo wa kwao unavyokauka. Siyo siri iliyofichwa na miungu. Mradi ulikuwa mkubwa mno kiasi kwamba hapakuwa na nafasi ya kuuliza swali dogo. Kwa wifi mradi ulikuwa mdogo, na udogo huo ulimwokoa: saa nne asubuhi ya Jumamosi, keki chache za kwanza zilipopasuka, aliweza kusimamisha kila kitu, akaketi kwenye ndoo iliyofunikwa, na kufikiri. Overseas Food Corporation, shirika lililokabidhiwa karanga, halikuwa na ndoo ya kukalia.

Kilichofuata sikukiona kwenye maelekezo yoyote. Nyumba ile ina kiyoyozi kimoja, na kiko chumbani kwa kaka yangu. Kiyoyozi hupoza hewa na pia huikausha, maji yanadondoka nje kwa bomba, na hewa kavu ndiyo tiba ya umande. Kaka aliondolewa kitandani na mto wake. Magodoro yalisimamishwa ukutani, meza ya plastiki ikaingizwa, mlango ukafungwa na chini yake pakazibwa kwa shuka. Madonge yalitoka kwenye friji yakiwa ndani ya makopo yaliyofunikwa, yakaachwa yamefunikwa hivyohivyo kwa dakika kumi au zaidi, ili umande ukae nje ya kopo na donge lipoteze ule ubaridi uliozidi. Yalitolewa machache kwa wakati mmoja. Friji yenyewe ilikuwa na mgogoro wake, maana nafasi ya madonge ilikuwa imekaliwa na samaki wa sherehe, na harufu ya samaki hupenda mafuta. Samaki walihamia kwa jirani.

Kila kijiti kilichovywa kwanza ncha yake kwenye chokoleti ndipo kikachomekwa, ili kigandie ndani. Vijiti vilivyopatikana ni vya mishikaki. Vyembamba, kwa hiyo donge huzunguka kama feni, na vina ncha kali ambayo hutaki mtoto wa miaka mitatu akimbie nayo. Tulivikata ncha na kutumia viwili viwili. Mahali pa kuzisimamishia keki zikauke, wenzetu hutumia boksi la povu jeupe. Binti wa kazi alileta kipande cha shina la mgomba, akakifunga karatasi ya fedha, na kikashika vijiti kuliko povu. Ni mbinu ileile wapambaji wa harusi wa hapa mjini wanayochomekea makuti na maua.

Na twiga? Kwenye kitabu cha miradi wangesema upeo ulipunguzwa. Mwalimu Nyerere aliuambia mkutano wa TANU mwaka 1969 kwamba kupanga ni kuchagua. Wifi alichagua saa sita na nusu mchana, akiwa na chokoleti hadi kwenye kiwiko. Twiga mmoja wa mwenye siku yake, twiga wanne wa marafiki zake wa darasani, zilizobaki ziwe nyeupe za duara zilizonyunyiziwa shanga za sukari. Kunyunyizia ni kitendo kimoja kwa keki moja, kinatendwa ganda likiwa bado bichi, hakihitaji kushika pumzi, na kinafunika nyufa. Hilo la nyufa ndilo linalonifanya niamini kwamba aliyevumbua shanga za sukari alikuwa mpishi na siyo msanii.

Saa tisa alasiri keki 37 zilikuwa zimesimama. Wageni walioalikwa walikuwa watoto 24, na kwa hesabu ya daftari kulikuwa na ziada ya kutosha. Lakini katika mtaa wetu mwaliko wa mtoto mmoja huja na mdogo wake aliyelia asiachwe, na binamu aliyekuja kutembea kutoka Morogoro, na mtoto wa jirani ambaye hakualikwa kwa sababu haikufikirika kwamba angehitaji kualikwa. Kufikia saa kumi na moja walikuwa wamezidi arobaini. Hapo ndipo nilipoona udhaifu ambao sikuwa nimeufikiria katika hesabu zangu zote za hatua. Keki ya kawaida hugawanyika. Wakija watu ishirini, vipande ni vinene, wakija hamsini, kisu kinakuwa chembamba, na hakuna anayejua alipaswa kupata kiasi gani. Keki ya kijiti haigawanyiki. Ama mtoto ana kijiti mkononi ama hana, na asiye nacho anaonekana kutoka ng'ambo ya ua. Nimeona vyandarua na madawati vikigawiwa kwa mtindo huo. Kitu kinachohesabika kizimakizima humfurahisha mfadhili, kwa kuwa kinaingia kwenye ripoti kirahisi, na humpa mgawaji siku ngumu.

Pia sherehe ya mtoto kwa desturi yetu ina kulishana. Mshereheshaji anaita bibi, shangazi, mjomba, mwalimu, kila mmoja anasogea mbele na mtoto anamlisha kipande kwa vidole, na yeye anamlisha mtoto, na picha inapigwa. Utamlishaje bibi kwa kijiti? Mama yangu alikuwa ameliona hilo tangu Alhamisi. Bila kumwambia mtu, alimwagiza mama mmoja wa jirani anayeoka kwa mkaa, moto juu na moto chini, keki ndogo ya vanila isiyo na urembo. Ililetwa ndani ya hotipoti. Ikakatwa, watu wakalishana, na waliokosa vijiti wakapewa vipande, na mwenye kijiti akatamani kipande, na biashara ikaanza hapo hapo kati ya watoto, vijiti kwa vipande na vipande kwa soda. Wifi alimtazama mama mkwe wake, akapiga goti kidogo, akasema, "Asante, mama." Mama akasema si kitu, mayai yalikuwa yamezidi nyumbani.

Tangu wakati ule wifi amekuwa akipokea oda. Picha za wale twiga watano zilisambaa kwenye magrupu ya wazazi, na watu wanapiga simu. Anachukua oda za keki za kijiti kuanzia Juni hadi Agosti bila maswali mengi, kusi ikiwa inavuma na usiku ukishuka hadi nyuzi 20. Anayetaka Februari anaulizwa. Sherehe ni ndani au chini ya turubai? Saa ngapi? Zitasafiri kwa bajaji au gari lenye kiyoyozi, na njia ina matuta mangapi? Wageni ni wa kadi au wa mtaa? Pembe, macho na madoa vina bei yake pembeni, kwa kila kimoja. Wengi wakifika kwenye swali la tatu huanza kuuliza bei ya keki ya kawaida.

Mwezi uliopita mteja mmoja alitaka mia mbili, za harusi, kule Kigamboni, mchana. Wifi akamwuliza wageni watathibitisha lini, na foleni ikikaza nani atakuwa amebeba barafu ya kubadilisha kwenye sanduku. Mteja akasema atapiga tena. Alipopiga alikuwa ameamua: keki ya ghorofa tatu, na vipande vikatwe hukohuko ukumbini, kadiri watu watakavyokuja.